Kitovu Kinacheza

"Kinacheza," anasema Kageha.
Amelishika gurudumu la nyuma kwenye rimu,
analisukuma kushoto, analivuta kulia,
nami nakisikia kile kishindo kidogo, tk,
ambacho tangu Jumatatu nakisikia kupitia makalio
nikikisingizia mashimo ya Outering.

Kwetu kila kisichokaa kinacheza.
Jino linacheza. Bawaba inacheza.
Mtu akilegea kazini, huyo anacheza.
Lakini kitovu cha baiskeli ya kreti nne za mkate,
Kariobangi hadi Mwiki kabla ya kengele ya shule,
hakina ruhusa.

Anaipindua miguu juu. Mnyororo unaning'inia kama utumbo.
Spana namba kumi na saba, na nyingine nyembamba
aliyoinoa mwenyewe kwa jiwe hadi ikawa ulimi,
maana koni haikubali kushikwa na spana nene.
Koni inatoka na tope lake:
grisi iliyokufa, mchanga wa Njiru,
mafuriko ya mwaka jana.
Anapangusa kwa fulana ya kampeni
(tabasamu la mgombea limebaki nusu),
anamwaga gololi kwenye kifuniko cha kopo la rangi,
anazihesabu kwa ncha ya bisibisi,
kwanza kwa Kimaragoli, midomo tu,
kisha kwa sauti, ili nisikie:
tisa, upande wa mnyororo.
Upande wa pili, nane.

Anahesabu tena.
Nane.

"Nani alifungua hapa mara ya mwisho?"
"Fundi mmoja wa Dandora. Jina limenitoka."
"Basi huyo ni mwizi."
Naafiki. Mwizi kabisa.

Desemba, stima imepotea,
nimepiga magoti kando ya kitanda, simu mdomoni inamulika,
moja ikanitoroka. Niliisikia ikiviringika,
ikaenda, ikaenda,
ikanyamaza mahali chini ya kabati la vyombo.
Nikasema, nani ataona?
Pengo nikaliziba kwa grisi.

Nane zikabeba kazi ya tisa, miezi minne, na mkate juu.
Kageha ananionyesha: zimepata makovu kama nyuso za ndui.
"Nikuongeze moja tu?" Anajijibu mwenyewe.
"Mpya na kuukuu hazilingani kimo.
Mpya itabeba mzigo wote,
hizi nyingine zikae kama wageni matangani.
Nunua zote."

Grisi mpya, rangi ya asali mbichi.
Kila gololi inazama, inakaa,
jino changa kwenye ufizi.

Kisha ile sehemu ambayo mimi sikuiweza.
Koni anaifunga kwa vidole hadi iguse,
anairudisha nyuma kidogo,
"kiasi cha kumeza mate."
Ukikaza, itasaga, itajila yenyewe.
Ukilegeza, utarudi hapa wiki ijayo.
Na nati ya nje nayo ina hila: ukiifunga inaisukuma koni,
kwa hiyo lazima uache ulegevu wake mapema,
uisamehe kabla haijakukosea.
Mara ya kwanza, inasaga.
Ya pili, tk.
Ya tatu anafumba macho, ekseli kati ya vidole viwili,
na lori la taka linapita na hashtuki.
Ya nne hasemi kitu.
Analiinua gurudumu, analiachilia:
valvu inashuka kwa uzito wake,
inapita chini, inarudi,
inapita kidogo,
inarudi,
inatulia.

Mia tano na hamsini. Nampa mia sita,
namwambia abaki na chenji.
Ananitazama kama aliyehesabu tena
akapata nane.

Jioni, Mwiki, nje ya ploti,
binti yangu Bosibori amechuchumaa vumbini na wavulana watatu.
Zao ni za kioo, zina maua ndani.
Yake ni ndogo, ya chuma, haing'ai,
na inazifukuza zote nje ya duara.
"Umeitoa wapi?"
"Chini ya kabati." Hainui hata kichwa.

Naiegemeza baiskeli ukutani.
Naomba zamu.